Ngozi ya Ndama wa Mzee Kaihura

Harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa kwenye ndoo haisahauliki, naomba uniamini. Mwezi uliopita nilipita nyuma ya bucha hapa mjini, pua ikaipata, nikashika ukuta kama mlevi. Mwenye bucha alidhani nina mimba. Kumbe nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kituntu, darasa la pili.

Sisi tulikuwa watu wa migomba na kahawa. Chini ya shamba letu ndiko nyasi zilikoanzia, na huko aliishi Mzee Kaihura na ng'ombe wake wa pembe ndefu. Binti yake, Kobusinge, nilikaa naye dawati moja. Kiangazi kile ndama wao, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, aliingia kwenye maharage yetu. Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata, hasira zake zilikuwa karibu sana. Alimpiga yule ndama panga la mgongoni hadi nikauona mfupa. Ndama hakulia. Alikaa chini taratibu, akafa majani ya maharage yakiwa bado mdomoni.

Jioni wana wa Kaihura walikuja na fimbo. Walimpiga Tata mlangoni kwetu mpaka mkono wake wa kushoto ukavunjika, na mimi niliusikia ulivyovunjika. Mama aliwamwagia sufuria zima la ndizi lililokuwa linachemka, ndipo wakakimbia, nasi tukalala njaa. Mwenyekiti wa kitongoji aliwapatanisha wazee wale wawili. Walishikana mikono bila kutazamana, kila mmoja akarudi kwake kunoa panga.

Sasa, mwalimu wetu Adelina alikuwa anatufundisha nyimbo bila chombo hata kimoja. Akatuagiza tulete chochote kinacholia. Tulileta makopo, visoda vya chupa, matete na punje za mahindi. Visoda tulivitoboa kwa msumari na jiwe, wengi wetu tukianza na vidole vyetu wenyewe, tukavipanga kwenye waya vikawa njuga. Kopo la rangi lililotiwa maharage likawa manyanga. Ilikosekana ngoma tu, Mwalimu akauliza nani ana ngozi kwao, na asubuhi moja Kobusinge akaingia darasani na ngozi iliyokunjwa kichwani. Ilipokunjuliwa niliona baka jeupe, na kando yake mpasuko mrefu wa panga.

"Ni yule?" nilimnong'oneza.

"Ni yule. Mwalimu kasema ngozi, na kwetu ipo hiyo tu. Ng'ombe hawafi kila siku, Koku."

"Tata akiiona watauana."

"Basi tusimwambie mtu."

Hatukumwambia mtu. Tuliiloweka, tukaikwangua katikati kwa vigae vya chupa, tukaushona ule mpasuko kwa uzi wa katani, tukaiwamba juu ya ndoo ya bati iliyotoboka kitako. Manyoya yalibaki pembeni, pamoja na lile baka. Mwalimu akanichagua mimi kuipiga, eti nina mkono. Usiku nilimwomba Mungu Tata augue kidogo, tumbo tu, asifike shuleni siku ya wazazi.

Alifika. Mkono mmoja ulining'inia kwenye khanga ya Mama, na mwingine umeshika panga kwa sababu alitoka moja kwa moja kupogoa migomba. Mzee Kaihura alikaa upande wa pili wa uwanja na wanawe, wameegemea fimbo zao.

Nilianza kupiga polepole, nikiizuia sauti. Kisha nikamwona yule kijana aliyemvunja Tata mkono akicheka na mwenzake. Pengine alikuwa anacheka mambo yake tu. Nilipiga kwa nguvu. Kila pigo nililipeleka kichwani kwake, nikafurahi, nikaongeza. Wenzangu walimaliza wimbo, manyanga yakanyamaza, mimi nikaendelea. Uzi wa katani ulianza kukatika. Wazazi walicheka mwanzoni, halafu wakaacha.

Tata alisimama. Alilitazama lile baka, akanitazama mimi.

"Koku, acha!"

Sikuacha. Sikuweza kuacha. Akaja huku panga liko juu, wana wa Kaihura wakainuka na fimbo, akina mama wakapiga yowe, Mwalimu Adelina akawavuta watoto wadogo nyuma yake. Nilifumba macho nikiendelea kupiga. Panga likashuka, ngoma ikapasuka katikati, vijiti vikanitoka mikononi.

Nilipofumbua macho Mzee Kaihura alikuwa amewazuia wanawe kwa mkono.

"Sasa umemuua mara ya pili, jirani," alisema. "Imetosha?"

Tata alilidondosha panga, akakaa mavumbini mbele ya wazazi wote, akalia kwa sauti. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo hakuna aliyempiga mwenzake kati ya nyumba zile mbili, lakini kijijini walisema Kaihura alituma ngozi makusudi ili amtukane Tata, na kwamba Tata alilia kwa kutukanwa. Hata mimi niliamini hivyo, ingawa Kobusinge alikuwa ameniambia ukweli. Nilimchukia kidogo baba yangu kwa kuharibu kazi ya mikono yetu na kuniaibisha mbele ya darasa zima. Miaka mingi nilimsalimia shikamoo ya mdomoni tu.

Baada ya kumzika nilimuuliza Mama, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, kwa nini Tata aliikata ile ngoma. Alishangaa kwamba sijui.

"Usiku ule hakula," alisema. "Aliniambia, 'Nimemwona mtoto wangu anaua, na anaua kama mimi. Nilimwita asinisikie, ndiyo maana nikakata.'"

Nililia na kisu mkononi. Kwanza nililia kwa hasira, maana angeweza kuniambia mwenyewe. Kisha nikalia kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyofurahi kwa kila pigo.