Vitanda Kumi na Tisa vya Kuazima

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mtunza stoo amepiga magoti sakafuni, wembe mkononi, anakata nywele zilizojisokota kwenye gurudumu la kitanda cha kujifungulia. Kwa mujibu wa hati za Idara ya Afya, kitanda hicho ni kipya na hakijawahi kutumika.

Anachomoa uzi mrefu wa shuka, anautia kwenye mfuko wa nailoni, anahamia gurudumu linalofuata. Vitanda ni kumi na tisa, kila kimoja kina magurudumu manne. Amekwisha kusafisha arobaini na manne. Yamebaki thelathini na mawili, na saa nne kamili wajumbe wa Kamati ya Hesabu za Serikali wataingia humu kuhesabu vitanda.

"Acha nikusaidie basi," anasema kuli wa stoo, mwanamume wa kifua kipana ambaye wenzake humwita Winchi.

"Wewe mkono wako mzito. Utakata raba."

"Mzito, lakini haujachoka. Wako je?"

Mtunza stoo anautazama mkono wake. Anaendelea kukata.

Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia ndani ya jengo hili la matofali na bati, lenye madirisha madogo yaliyo juu kuliko kichwa cha mtu. Idara nzima humwita Mama Kadi. Jina hilo limetokana na kazi yenyewe: kila aina ya mali iliyomo stoo ina kadi yake ngumu, imening'inizwa kwa uzi kwenye msumari, nayo huonyesha tarehe, kilichoingia, kilichotoka na baki. Watunza stoo wengi hujaza kadi hizo mwisho wa wiki, kwa kukumbuka. Yeye hujaza mzigo ukiwa bado mlangoni.

"Siku moja mvua inanyesha kama imetumwa," anasimulia Winchi. "Dereva anapiga honi, mimi nimebeba maboksi mawili ya glavu, nimelowa chapachapa. Yeye yuko pale pale mlangoni, anatafuta peni. Nikamwambia, Mama, andika basi na mimi, nimeingia mmoja, nimelowa."

Imebaki miezi kumi na mmoja astaafu. Theluthi moja ya mshahara wake hukatwa kila mwezi kulipa mkopo wa nyumba ambayo vyumba vyake viwili bado havijaezekwa. Mumewe alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipopungua nguvu. Binti yao wa mwisho yuko chuoni, mwaka wa pili. Kanuni za utumishi ziko wazi: mfanyakazi anayefukuzwa kwa kusaini hati ya uongo hupoteza kiinua mgongo chake chote.

Na hati ya uongo ipo, ina saini yake.

Ni hati ya kupokea mali ya tarehe 29 Juni mwaka jana, siku moja kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Fedha ambazo idara haijazitumia hadi siku hiyo hurudi Hazina. Ili zitumike, mwenye kuuza vitanda alipaswa kulipwa. Ili alipwe, mtunza stoo alipaswa kusaini kwamba vitanda sitini vimepokelewa. Vitanda havikuwa vimefika. Mama Kadi anasema mkuu wa kitengo cha ununuzi alimfuata na hati mkononi.

"Aliniambia, dada yangu, mzigo uko njiani. Tukikosa saini yako leo, kina mama wanakosa vitanda mwaka mzima. Utapata usingizi wewe?"

Alisaini. Hakatai.

"Nilishafanya hivyo mara nne huko nyuma, na mara zote mzigo ulikuja, hata kama ulichelewa. Kwenye kazi hii Juni ikifika watu wanasaini kwanza. Ukikataa, unaambiwa wewe ndiye unayekwamisha mambo."

Mara hii mzigo ulikuja kwa mafungu. Agosti viliingia vitanda kumi na vinane. Oktoba, kumi na vitano. Desemba, vinane. Jumla arobaini na kimoja. Baada ya hapo hakikuingia kitu. Hakuna hata kimoja kilichopelekwa hospitali, kwa sababu kitengo cha ununuzi kiliagiza visigawanywe mpaka vitimie. Mwaka huu wakaguzi waliandika katika ripoti yao kwamba idara imelipia vitanda sitini na hakuna wodi iliyopata kimoja. Kamati ya Bunge ikaamua kwenda kuvitazama kwa macho.

Barua ya Kamati ilifika idarani Jumatatu. Jumatano, saa tisa alasiri, lori lilisimama mbele ya stoo likiwa na vitanda kumi na tisa kutoka hospitali kuu, vya muundo uleule, vilivyonunuliwa miaka minne iliyopita. Vilikuwa vimefutwa kwa spiriti na kufunikwa nailoni. Winchi ndiye aliyetumwa kuvipakia.

"Natoka na kitanda cha mwisho, muuguzi anatandika magodoro chini," anasema. "Mama mmoja ameshika ukuta, uchungu umemkamata. Akaniuliza, 'Kaka, mnatupeleka wapi?' Nikamwambia, 'Nyie hamwendi popote, dada. Vitanda ndivyo vinavyokwenda.' Akacheka. Mimi sikuweza."

Muuguzi msimamizi wa wodi hiyo amethibitisha kwamba walibakiwa na vitanda vitano, na kwamba kati ya Jumatano alasiri na Alhamisi jioni wanawake saba walijifungulia kwenye magodoro sakafuni. Aliambiwa vitanda vinapelekwa kupakwa rangi.

Lori liliposimama, Mama Kadi alifanya alichozoea. Alitoa kadi kwenye msumari, akaandika mlangoni: "Vimeingia 19, vimeazimwa hospitali kuu." Saa kumi jioni mkuu wa ununuzi alikuja na kadi nyingine, tupu. Mama Kadi na Winchi, waliohojiwa kila mmoja kwa wakati wake, wanakubaliana juu ya kilichosemwa.

"Andika mstari mmoja tu. Tarehe 29 Juni, vimeingia sitini, baki sitini. Hiyo ya zamani choma."

"Na magurudumu je?" aliuliza Mama Kadi. "Kitanda kipya hakina nywele kwenye magurudumu."

"Basi yasafishe. Una asubuhi nzima."

Aliandika kadi mpya, akaitundika. Ya zamani hakuichoma. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Alipotafutwa na gazeti hili, mkuu wa ununuzi alisema suala liko mbele ya Kamati na hawezi kulizungumzia.

Jioni hiyo ya Jumatano, nyumbani, sahani ya Mama Kadi ilikaa mezani mpaka chakula kikapoa.

"Nikamwambia, mama watoto, ama ule ama useme," anaeleza mumewe. "Akasema. Nikamjibu, ukinyamaza tunaezeka, ukifungua mdomo tunalala tunatazama nyota. Chagua wewe, mimi nyota sijazichoka." Anapangusa miwani yake kwa pindo la shati. "Nilitania tu. Nilikuwa naogopa kuliko yeye."

Saa tatu na nusu asubuhi ya Alhamisi gurudumu la mwisho ni safi. Mama Kadi anafunga mfuko wa nailoni na kumpa Winchi akautupe. Anameza kidonge cha shinikizo la damu bila maji. Mara tatu anakwenda mlangoni kutazama geti, mara tatu anarudi. Mkuu wa ununuzi anafika mapema, suti ya kijivu, anapita kati ya mistari ya vitanda akigonga vyuma kwa kidole.

"Ukiulizwa, jibu kwa ufupi," anamwambia. "Ndiyo, Mheshimiwa. Hapana, Mheshimiwa. Basi."

Wajumbe wanaingia saa nne na dakika nane. Ni sita, wakiwa na karani wa Bunge na mkaguzi mmoja. Mwenyekiti ni mwanamke mrefu mwenye viatu vya kamba, na anahesabu mwenyewe kwa kugusa kila kitanda. Anapata sitini. Karani anarudia kuhesabu. Sitini.

"Kumbe vipo!" anasema mjumbe mmoja mzee. "Sisi tumekuja na hasira zetu bure."

Wajumbe wanacheka. Mkuu wa ununuzi anacheka zaidi yao. Mama Kadi amesimama kando ya msumari, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti.

Mwenyekiti anaichukua kadi mpya. Anaisoma, anaigeuza, anaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Kadi hii ina miezi mingapi hapa?"

"Tangu Juni, Mheshimiwa Mwenyekiti," anajibu mkuu wa ununuzi.

"Sijakuuliza wewe, mzee wangu. Namuuliza mama." Anaondoa vumbi lililoganda kwenye kadi ya jirani, ya mabeseni, anaonyesha kidole chake kwa wenzake. "Hii ya mabeseni imechafuka kwa alama za mikono. Ya vitanda inang'aa. Mama, uliiandika lini?"

Mama Kadi anamgeukia Mwenyekiti.

"Jana, Mheshimiwa. Saa kumi jioni."

"Jana?"

"Ndiyo. Ya zamani ni hii."

Anaitoa mfukoni na kuikabidhi. Mwenyekiti anaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, hadi kufika kwenye neno "vimeazimwa." Mkaguzi anachuchumaa na kuinua nailoni ya kitanda kilicho karibu. Chini ya fremu, kwa rangi nyeusi, imeandikwa namba ya wodi.

"Kwa nini hukusema mapema?" anauliza Mwenyekiti.

"Nilikuwa naogopa, Mheshimiwa. Hata sasa naogopa."

Mkuu wa ununuzi anataka kueleza. Mwenyekiti anamwambia atapewa nafasi, lakini si hapa. Anaagiza vitanda kumi na tisa virudi hospitalini siku hiyohiyo. Lori liliondoka na fungu la mwisho saa kumi na dakika kumi jioni. Winchi alipanda nyuma, akivishikilia kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata Mama Kadi alipokea barua mbili. Ya kwanza, kutoka idarani, ilimsimamisha kazi kwa nusu mshahara kusubiri uchunguzi wa saini ya tarehe 29 Juni. Ya pili, kutoka Bunge, ilimtaka afike mbele ya Kamati siku ya pili yake, saa tano asubuhi. Ilikuwa na aya mbili, na haikusema kama anaitwa kuwa shahidi au mtuhumiwa. Alimuuliza mumewe, naye akaisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Hakuliona jibu. Mkuu wa ununuzi alikuwa bado ofisini kwake.

Jumanne alifika nusu saa kabla. Alikaa kwenye benchi la korido, magoti pamoja, bahasha mapajani. Mkopo wa nyumba, alisema, haujui kama mtu amesimamishwa. Utakatwa uleule, na kwa nusu mshahara kitakachobaki hakitatosha ada ya chuo. Alipoulizwa anatumaini nini, alifikiri kabla ya kujibu.

"Wakiniachia kiinua mgongo, hata nusu yake, nitaezeka chumba kimoja na binti amalize shule. Wakininyima, nitatafuta duka linalotaka mtunza stoo. La misumari, la sabuni, lolote. Kuhesabu najua."

Aliitwa saa tano na dakika nne. Alikula kiapo amesimama. Mwenyekiti alimpelekea hati moja kupitia kwa karani.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Wakati unasaini, ulikuwa umevihesabu vitanda hivi sitini?"

"Hapana. Havikuwepo."

Karani aliandika jibu hilo. Mwenyekiti akainama, akanong'ona na mjumbe aliyekaa kulia kwake, kisha akaagiza waandishi wa habari watoke ili kikao kiendelee kwa faragha. Saa tano na dakika kumi na mbili mlango ulifungwa, Mama Kadi akiwa ndani.