Bilbi na Mbawakawa kwenye Chati Moja

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kiwanda cha uchapaji, Meneja, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, alinipa penseli na mche wa maharagwe uliooteshwa kwenye kopo. "Chora huu. Mtoto wa darasa la tatu akiuona ajue mzizi ni upi."

Ndivyo nilivyoanza kuchora chati za shule. Nilichora, kisha Fundi Mkuu, Baba Lucy, akahamishia picha kwenye bamba, shiti nyembamba ya bati inayopokea wino mashinini. Kila rangi na bamba lake. Bamba likisogea kidogo tu, ng'ombe anatoka na macho manne.

Mwisho wa 2007 tulipata oda ya chati ya kulinganisha wanyama wawili wanaotoweka. Mmoja ni bilbi wa Australia, mwenye masikio ya sungura. Mfuko wake wa mtoto umefunguka kwa nyuma, ili akichimba udongo usiingie. Wa pili ni mbawakawa wa Marekani. Dume na jike huzika mzoga mdogo, kisha wote wawili hulisha mabuu yao.

"Bilbi awe mkubwa," Meneja akasema. "Mdudu weka pale kona. Nani atanunua chati ya mdudu?"

"Lakini boss, wote wanaisha."

"Kona, mama."

Januari mji ukawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Nyumba ya Baba Lucy ilichomwa, na Meneja akaifungulia familia hiyo stoo ya karatasi. Niliporudi kazini niliwakuta humo. Mama Lucy alikuwa amempakata mtoto mgonjwa. Mumewe, vidole vyeusi kwa wino, alikuwa akipuliza uji na kuwalisha wale wengine. Miaka yote nilimjua kama mtu wa kugombana na mashine.

Nilifuta mchoro, nikaanza upya.

"Huyu mdudu wa pili ni nani?" Meneja akauliza.

"Baba yao. Analisha."

Akatazama mlango wa stoo. "Haya. Wape wadudu nusu ya karatasi."

Baba Lucy aliichapa chati hiyo mwenyewe. Baadaye yeye na familia yake wakapanda lori kwenda kwao, ingawa Lucy hakujua kwao kwingine ila Nakuru. Hawakurudi.

Nimestaafu sasa. Vijana wanachorea kwenye kompyuta, na kazi yao ni safi. Wakiniuliza ninakumbuka nini, nawaambia ni Baba Lucy, aliyezoea kuniita Mathe, yaani mama, akipaza sauti juu ya kelele za mashine: "Mathe, kuja uone rangi yako!" Nikienda, nakuta imetoka nzuri kuliko nilivyoichora.