Mpunga wa Mwanasiti

Ulikuwa mwaka wa arobaini na sita. La, siyo. Arobaini na sita Mwanasiti alikuwa bado anatwanga na wenzake pale Mbwera, na hakuna aliyekuwa amemtazama vidole. Basi ulikuwa arobaini na saba, enzi za Mwingereza, nguo zikiwa bado adimu kwa ajili ya ile vita.

Mwinyimvua bin Kondo alikuwa mkata mikoko. Maji yakipwa anashuka matopeni na shoka, maji yakijaa anapanda mtumbwini na boriti zake. Mtu mpole, si msemaji, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja tu, huyo Mwanasiti, na Mwanasiti akapatwa na ukoma.

Ikaja amri kwa jumbe kwamba wagonjwa wa namna ile wapelekwe kambini, huko juu ya mto, mwendo wa siku sita kwa mtumbwi wa kusukumwa na pondo. Siku ya kuondoka Mwanasiti hakulia. Alikaa katikati ya mtumbwi, mikono ameificha ndani ya kanga, akamwambia kaka yake maneno machache.

"Kaka, sikwambii unifuate. Lakini msinitupe. Hata kibaba kimoja cha mpunga, kikija kwa jina langu nitajua kwetu bado kupo."

"Nitaleta, dada," akasema Mwinyimvua.

Hakuleta. Watu aliwaambia ni kazi, na kweli kazi ilikuwepo. Aliwaambia pia kwamba siku sita za kwenda na nne za kurudi, wapiga pondo wangekula mpunga wote njiani. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini lile jingine alimwambia mkewe Johari peke yake, mara moja tu, kwa sauti ndogo: alikuwa anaogopa. Aliogopa kuuona uso wa dada yake umegeuka.

Kwa hiyo vyama vya sadaka vilipoanza kupita visiwani kukusanya chakula cha wagonjwa, aliona Mungu amemfungulia mlango. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Johari alisuka makanda mawili ya ukili, mdomoni akayatia mstari mweusi, kama walivyosuka kwao Dimani, na ndani wakatia pishi thelathini za mpunga. Mpunga wa Mwanasiti ukakaa pembeni ya nyumba ukingoja wa kuupeleka.

Wa kwanza kuja alikuwa Miraji, mtu wa milimani aliyehamia Ikwiriri, mfupi, Kiswahili chake kimejaa Kimatumbi. Alitoka katika chama kidogo cha wakulima wachache wenye mtumbwi mmoja. Johari alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kuchoma. Akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa.

"Karibu, shemeji. Unawe."

"Ahsante, mama. Mimi sili."

"Umefunga?"

"Sikufunga. Sili kwa mtu ninayechukua sadaka yake. Ndivyo tulivyokubaliana wenyewe." Akatoa kwenye mkoba wake kipande cha muhogo wa kuchoma, akakitafuna pale pale, mbele ya wali unaofuka moshi.

Jamani, pale Mbwera mtu hawezi kukufanyia jambo baya kuliko hilo. Anayekataa chakula cha nyumba yako, ama anakuona mchafu, ama anakuona mchawi, ama yeye mwenyewe ana jambo moyoni. Johari aliinua sahani, uso umemwiva.

Miraji aliona, lakini hakujua kubembeleza. Aliuliza, "Mgonjwa wenu anaitwa nani, binti nani?" Kisha akasema, "Mkitaka kujua habari zetu msiniulize mimi. Nendeni kwa Huseni, mama yake yuko kule kambini. Muulizeni kama vitu vinafika. Au mmoja wenu apande mtumbwini, aje aone kwa macho."

"Tutafikiri," akasema Mwinyimvua.

Alipokwisha kuondoka, jirani yao Abbasi alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaja na muhogo wake! Shemeji Johari, wali wako una nini? Umetia chura?"

"Mtani, nyamaza, nisije nikakumwagia mchuzi," Johari akasema. Na kwa mumewe akasema, "Baba Mtoro, mpunga wangu haupandi mtumbwi wa mtu yule. Kama ameshindwa kula nasi, atawalishaje wagonjwa?"

Mwinyimvua hakubisha. Nyumba ya Huseni ilikuwa ng'ambo ya mkondo tu, mtu akiita anaitikiwa. Hakwenda.

Baada ya siku kumi akaja Abdulkarimu, wa chama cha Kibiti. Alikuja na watu wanne, kanzu nyeupe, na barua yenye muhuri aliyoisoma kwa sauti nzuri mpaka wanawake wakatoka majikoni. Akala kwa Abbasi, akala kwa jumbe, akala kwa Johari, akalamba vidole na kusema tangu azaliwe hajaonja nazi iliyokamuliwa vile. Akawapakata watoto. Jina la mgonjwa hakuuliza, na Mwinyimvua aliona ni adabu, mtu asiyetaka kutonesha kidonda. Makanda yote mawili yakaenda na Abdulkarimu. Usiku ule Mwinyimvua alilala usingizi wa mtu aliyetimiza ahadi.

Miezi ikapita. Mwezi wa mfungo sita alikwenda Kibiti kwa shughuli za boriti, akakuta maulidi makubwa ya chama kile kile. Abdulkarimu alimwona kwa mbali, akamshika mkono, akamkalisha kwenye sinia na wageni. Wali ulikuwa mwingi, umekolea nazi na hiliki. Mwinyimvua alikula na kushiba, akafurahi kwamba amejiunga na watu wenye baraka namna ile.

Akaenda nyuma kunawa. Wapishi walikuwa wamekaa chini wakipumzika, na mmoja wao, bibi aliyeitwa Mwanamina, alikuwa amekalia kanda tupu. Mdomoni lilikuwa na mstari mweusi.

"Bibi, kanda hili limetoka wapi?"

"La mpunga wa chama. Tuliutwanga juzi." Akamtazama. "Si ndio huo uliokula sasa hivi, baba? Au haukuiva?"

Mwinyimvua alirudi kwa Abdulkarimu na mkono wake bado una mafuta. Abdulkarimu hakukasirika, wala hakuficha.

"Ndugu yangu, hapa wamekula watu mia tatu, na wote wamewaombea dua wagonjwa. Kuna sadaka kubwa kuliko hiyo? Dada yako leo ametajwa."

"Ametajwa kwa jina?"

"Wagonjwa wote wametajwa."

Na yaonekana alikuwa akiamini anayosema, ndiyo maana Mwinyimvua hakuweza hata kumtukana.

Hakurudi Mbwera. Alikwenda kwa miguu mpaka Ikwiriri, akamtafuta Miraji, akamkuta anaziba mtumbwi. Alibadilisha kisu chake kwa pishi mbili za mpunga, akazifunga katika kilemba, akaomba kupanda. Miraji hakumwuliza yaliyopita. Alisema tu, "Shika pondo. Wapiga pondo hatuna wa kutosha."

Siku ya pili njiani, Mwinyimvua akasema, "Siku ile ungetueleza kwa nini huli."

"Nilieleza. Labda vibaya." Miraji alisukuma pondo. "Nikila kwako, nitakula na kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka nitakuwa nimekula kanda la mtu. Halafu nikishashiba kwako, mpunga wako ukiharibika njiani, nitapata wapi uso wa kukwambia?"

Walifika asubuhi. Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kusimama ukingoni, kwa kuwa wameuona mtumbwi kwenye kona ya mto. Miraji hakugawa kwa vipimo. Aliinua kila mzigo na kuita: mama yake Huseni, kutoka kwa mwanawe, Mbwera! Mama anapiga vigelegele, anakuja. Fulani, kutoka kwa shangazi yake, Ngarambe! Wengine hawakuwa na vidole vya kupokelea, wakapokea kwa viwiko, na wengine walilia kwa kutajwa tu, kabla hawajaona walicholetewa.

Mwishoni Miraji akakichukua kile kilemba. "Mwanasiti binti Kondo! Kutoka kwa kaka yake, Mbwera!"

Hakujibu mtu. Akaita tena. Kisha akatoka bibi mmoja, Fatu, aliyekuwa akikaa na Mwanasiti kibanda kimoja.

"Huyo tumemzika mwezi uliopita, mfungo tano," akasema. "Homa. Siku tatu tu."

Mwinyimvua alikaa chini mchangani. Baadaye aliuliza kama dada yake alikufa kwa njaa.

"Njaa hapana, mwanangu. Mtumbwi huu umekuja mara mbili yeye akiwa hapa, na kilichokuja tulikula pamoja, hakuna aliyemnyima. Siku za mtumbwi alikuwa akiamka wa kwanza, anavaa ile kanga yake nzuri. Anasimama pale ukingoni mpaka jina la mwisho. Halafu anawabebea vipofu mizigo yao."

Alimwuliza neno jingine, na Fatu akageuza uso akaanza kuchambua mchanga kwenye mpunga. Alimwuliza Miraji, Miraji akashika pondo. Miaka mingi baadaye, kila alipokutana na mtu aliyepona na kurudishwa kwao kutoka kambi ile, alimwuliza lile lile, na wote walitazama kando: jina la mwisho likishaitwa, na mizigo ya vipofu ikishafika, Mwanasiti akiingia kibandani na kuivua ile kanga, alikuwa akisema nini juu ya kaka yake?