Matundu na Pampu Isiyovuta

Katika kiwanda cha mashati, kila tundu la kifungo ambalo mashine ililishona bila kulikata lilipelekwa kwa mwanamke mmoja aliyeketi kwenye dirisha la mwisho. Alikuwa na wembe mfupi uliozungushiwa kitambaa, na kwa miaka kumi na mmoja alifungua matundu hayo kwa mkato mmoja, bila kugusa uzi. Wenzake walimwita Matundu, naye aliitikia.

Alirudi kazini mwanawe wa kwanza akiwa na miezi mitatu. Mtoto alizaliwa na ufa ulioanzia mdomoni hadi kwenye kaakaa, na hakuweza kunyonya. Daktari alimweleza mama kwa subira: mtoto huvuta maziwa kwa kufumba mdomo, na hewa ikipata pa kupitia, mvuto haupo. Kwa hiyo kila tone alilokunywa lilikamuliwa kwanza, ndipo likatiwa kwenye chupa. Maziwa ya kopo yalijaribiwa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alihara hadi akalazwa. Ijumaa angepimwa uzito. Asipopungua, angeshonwa mdomo wiki iliyofuata. Akipungua, nafasi yake angepewa mwingine, na hakuna aliyejua zamu nyingine ingekuja lini.

Pampu alipewa na wifi yake, ambaye wa kwake alikwisha kumwachisha ziwa. Ilikuwa ya kuvaa: makombe mawili yanayokaa ndani ya sidiria na kukamua huku mtu akiendelea na kazi. Kijitabu cha maelezo kilipotea zamani. Ilivuma polepole chini ya aproni, na wenzake hawakuliacha lipite.

"Matundu, leo umemeza nyuki?"

"Nyuki wangu wana asali," alijibu. "Wewe una nini?"

Jumatano hiyo nyuki walivuma tangu asubuhi, lakini makombe yalibaki makavu. Saa nne alijifungia chooni, akakagua kimoja baada ya kingine. Betri ilikuwa imejaa. Aliiweka upya faneli, ile plastiki inayopokea chuchu, mpaka chuchu ikakaa katikati. Alikausha utando wa mpira uliokuwa na unyevu. Akaongeza nguvu hadi mwisho, akaumia bure. Kengele ya saa sita ilipolia, matiti yalikuwa magumu kama mawe, yamepanda joto. Mama yake akapiga simu kutoka nyumbani.

"Mwanangu, chupa ya mwisho ndiyo hiyo nimempa. Nakuja getini kama kawaida. Umepata kiasi gani?"

"Njoo tu, mama."

Akaingia stoo ya vitambaa, akaketi juu ya robota, akampigia wifi.

"Inavuma, wifi, lakini haivuti."

"Kombe umelibana mpaka likalia?"

"Limelia."

"Utando je?"

"Nimeukausha."

"Na vile vidomo vya mpira vya chini, maziwa yanakopitia? Vimefumba?"

"Vifumbe vipi, na maziwa yapite wapi?"

"Vinajifungua vyenyewe maziwa yakija, kisha vinafumba. Visipofumba hewa inapita, wifi. Haivuti hata chozi."

Matundu alivichomoa vidomo, akavitazama. Alfajiri ile, akiosha pampu, aliona mpasuo mdogo kwenye ncha ya kila kidomo, kingo zake zimegusana. Mkono ukamtangulia. Machoni pake lile lilikuwa tundu lililosahaulika kukatwa. Akachukua wembe, akalifungua. Kisha akafungua na la pili, maana shati halifungwi kwa tundu moja. Aliondoka nyumbani ameridhika, akidhani ameipunguzia pampu taabu.

Sasa vidomo vilikuwa kiganjani mwake, wazi, kama ufa aliouona kila mtoto alipolia.

"Una vya akiba?"

"Nilivitupa tulipohama. Kuagiza ni siku kumi. Wifi? Upo?"

Alikuwa amekwisha kuiweka simu chini. Alikibana kidomo kimoja kwa meno, kana kwamba mpira ungeshikana. Akakizungushia uzi, kikajikunja. Mpiga pasi, mwanamke mnene aliyelea watoto saba, alipoingia kuchukua kitambaa, alimkuta analia bila sauti.

"Unalilia plastiki?"

"Nimemkatia mwanangu riziki, dada. Kwa mkono wangu huu huu."

"Wanangu saba, na hakuna aliyelelewa na betri. Nenda kanawe mikono."

Akaleta kitambaa kilichopashwa kwa mvuke wa pasi, akamwekea kifuani, kisha akamwonyesha: dole gumba juu, vidole chini, sukuma nyuma kuelekea mbavuni, ndipo ubane.

"Chuchu usiivute. Hiyo si zipu."

Mara ya kwanza yalikuwa maumivu matupu, na ya pili, na ya tano. Kisha tone moja likaanguka ndani ya kombe. Baadaye uzi mwembamba, ukakatika, ukarudi.

Kengele ikalia. Msimamizi, waliyempa jina la Dakika, akagonga mlango.

"Muda umekwisha!"

"Wa nani?" mpiga pasi aliuliza, mgongo wake ukiwa umeziba mlango. "Huyu wake ndio kwanza umeanza."

Zilipatikana mililita sitini, nusu ya kawaida. Getini, bibi wa mtoto aliinua chupa kwenye mwanga, wala hakusema kwamba ni kidogo.

"Yatamvusha saa tisa. Saa kumi nakuja tena. Nikukute."

Ikawa hivyo siku hiyo na kesho yake. Kitambaa kilipashwa mara nne kwa siku. Dakika aliandika onyo la kwanza, kisha la pili. Vidole gumba vya Matundu vilivimba hata wembe ukamshinda, na mashati yasiyofunguliwa matundu yakarundikana mezani pake.

Ijumaa muuguzi alimlaza mtoto kwenye mizani. Mshale uliyumba kwa muda.

"Hajaongezeka," alisema.

"Amepungua?"

Muuguzi aliinama, akatazama tena.

"Hajapungua."

Akafunga daftari la zamu za upasuaji bila kulifuta jina la mtoto. Matundu alitaka kuushika ukingo wa meza asianguke. Vidole gumba vikakataa kukunjika, mama yake akamshika.