Raundi Iliyopotea Vumbini

Harufu ya klachi inayoungua huwakera watu wengi. Mimi hunifurahisha, na msinicheke. Juzi nilikuwa Mai Mahiu, nimesimama kando ya barabara nikichagua viazi, mara lori lililozidiwa na mzigo likajikokota kupanda, na moshi wake mkali ukanifikia puani. Mama wa viazi akaziba pua kwa leso. Mimi nikafumba macho nikavuta pumzi yote iliyoenea kifuani, na papo hapo nilikuwa na miaka tisa, Rongai, kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, nikimsubiri baba atokeze kwenye kona.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kuvuna ngano. Kazi hiyo ni ya msimu, na msimu ukiisha yeye na mafundi wenzake hawakujua kukaa bure. Ndipo mzee mmoja mwenye shamba kubwa akawaruhusu wachonge uwanja wa mashindano ya magari: njia pana ya udongo yenye umbo la yai, imezungushiwa matairi makuukuu na marobota ya nyasi. Sisi watoto tukiizunguka mara moja kwa miguu tulirudi tukihema. Magari yenyewe yalikuwa mikweche iliyofufuliwa, haina vioo, milango imefungwa kwa waya, na nambari zimeandikwa kwa rangi iliyobaki ya kupaka mabati.

Gari la baba lilikuwa dogo, la buluu, na mama aliliita mke mwenza. Baba akichelewa kuja mezani, mama alimwambia, "Si umwambie mke mwenzangu akupikie." Baba alicheka tu, grisi imemfika viwikoni. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameshindana mara tatu, na mara zote tatu gari lilimfia uwanjani. Kwa sheria ya pale, asiyemaliza raundi ishirini jina lake lilifutwa ubaoni kwa kitambaa kichafu, mbele ya watu wote, huku miluzi ikipigwa. Mara ya tatu mama alikuwepo. Alirudi nyumbani akafua nguo, kisha akatoa hukumu jikoni, mbele yetu na mbele ya majirani wawili waliokuja kuomba chumvi.

"Baba Shiru, nakupa mara moja tu. Usipomaliza safari hii, hiyo gari inakuwa nyumba ya kuku."

Baba alikubali, afanyeje? Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa kuku kiasi kile.

Sasa, kila gari lilitakiwa kuleta mtu wake wa kuhesabu raundi, akae mezani pamoja na karani wa mashindano, kijana mmoja aliyechora vijiti kwenye daftari. Baba alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Alichosahau ni kwamba nilikuwa nimelelewa na cucu, mama yake mzazi.

Kwa cucu, unachokipenda hakihesabiwi. Ukimwuliza ana mbuzi wangapi alikukemea, "Unataka wafe?" Jioni walipoingia zizini aliwatambua mmoja mmoja, yule mlafi, yule wa sikio lililokatika, yule aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, na alijua mara moja ni nani hajarudi. Sisi wajukuu vilevile hatukuhesabiwa. Leo nikae pale nimhesabu baba yangu, moja, mbili, tatu, kila anapopita? Wacha! Mwishowe nikaamua kufanya kama cucu: kila raundi nikaipa jina.

Ya kwanza ilikuwa ya kunipungia mkono. Iliyofuata ikawa ya mbwa, maana mbwa alikatiza njia na roho zikaturuka. Ikaja ya kofia, wakati kofia ya mama mmoja wa kanisa ilipopeperuka hadi katikati ya uwanja, naye akawa anataka kuifuata. Ikaja ya silensa, ilipong'oka na kubaki ikibiringika, na kuanzia hapo gari la baba likanguruma kuliko yote. Mama naye alikuwa ameketi juu ya jerikeni, ameupa uwanja mgongo, akifuma vitambaa vya kochi. Nilimkasirikia sana. Niliona kwamba hajali, na kwamba moyoni ameshaanza kuokota mayai.

Katikati ya mashindano kikaja kimbunga cha vumbi, vile vinavyozurura Rongai wakati wa kiangazi, kikapita uwanjani bila hodi. Tulijifunika nyuso. Sikuona hata mkono wangu. Lakini ndani ya vumbi lile nililisikia gari letu, lile lisilo na silensa, likinguruma mbele ya meza na kwenda zake. Nikaiita raundi ya vumbi.

Magari manne yalikuwa yamekwisha kumaliza wakati baba alipovuka mstari mara ya mwisho, boneti inafuka moshi, klachi inanukia shamba zima. Gari likaenda hatua chache mbele, likakohoa, likakata roho. Baba akatoka mikono juu, meno yote nje. Karani akainua daftari.

"Fundi, pole. Bado moja."

Baba akashusha mikono polepole. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Shiru, umepata ngapi?"

"Sijui," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Huyo ndiye wa kwanza katika hesabu! Nikaanza kulia, na katika kulia nikaeleza kwamba sikuhesabu, ila nina majina. Mzee mwenye shamba, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, hakucheka. Alichutama mbele yangu akasema, "Haya, taja."

Nikataja. Kuhesabu alihesabu yeye, akikunja vidole vyake vinene. Vidole vikaisha, akaanza upya. Nilipofika kwenye ile ya moshi, vidole vyote kumi vilikuwa vimekunjwa mara mbili. Karani akakiri kwamba wakati wa vumbi alikuwa amejifunika uso kwa daftari lake.

"Wewe uliliona gari?" mzee akaniuliza.

"Sikuliona. Nililisikia."

"Kusikia si kuona, msichana wangu." Alisema kwa huruma, lakini mwenye kitambaa cha kufutia alikuwa ameshasogea ubaoni.

Hapo mama akainuka kutoka kwenye jerikeni, sindano yake ya kufumia bado mkononi.

"Amepita," akasema. "Wakati wa vumbi. Amepunguza gia pale kwenye kona, ikagoma, akairudia, ndiyo akapita hapa. Nimemsikia."

Sauti ya kijana ikatoka nyuma: "Mathe, si ni wewe ulisema hiyo gari iwe ya kuku?"

"Nilisema asipomaliza. Amemaliza."

Mzee akamwambia mwenye kitambaa aketi. Baba akawa wa tano, na waliomaliza walikuwa watano. Sijaona mshindi akibebwa juujuu kama alivyobebwa yule wa mwisho. Tulilikokota gari hadi nyumbani kwa trekta, mimi nimekaa kwenye usukani, na furaha niliyokuwa nayo haikuwa na mfano.

Miaka mingi niliisimulia siku ile kama ushindi wangu, mtoto wa majina. Mwaka jana binti yangu alijifunza baiskeli kwenye mteremko wa Kabazi, nami nikajikuta nimempa mgongo, najifanya nachambua mboga, nikisikiliza breki zake kona baada ya kona. Ndipo nilipomwelewa mama. Asiyejali hasikii gia ikigoma. Mama alikuwa anaogopa, kila raundi, na siku ile dawa ya hofu yake ilikuwa kunyamaza tu. Angefunga mdomo, kuku wangehamia Jumatatu, naye angepumua. Badala yake alisimama mbele ya watu akampa mumewe raundi yake, na pamoja nayo akajipa miaka minne mingine ya kukaa juu ya jerikeni, mgongo uwanjani, akisikiliza.