Alama za Kerubo

Kuna siku moja inayonirudia kila mvua kubwa inapopiga mabati, mwanangu. Nimeamua kukusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba majaribio ya muhula huko chuoni kwenu hayana uzito, kwamba utayaacha yapite tu kisha utashika vitabu mtihani wa mwisho ukikaribia. Sikukukatiza. Lakini leo umekaa, chai ipo, na mimi sina haraka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja huku kwetu Kisii. Wasichana tulikuwa wachache, na kitanda changu kilipakana na cha msichana aitwaye Kerubo, mtoto wa wakulima wa chai kutoka upande wa Nyamira. Alikuwa mpole mno. Ukimsalimia alitabasamu kwanza, kisha jibu likaja baadaye.

Siku tuliyopokelewa, mkuu wa chuo, Mwalimu Onchari, alitukusanya ukumbini. Alikuwa mtu mrefu aliyezungumza polepole kama anayesoma imla.

"Alama mtakazoondoka nazo hapa zina mafungu matatu," alituambia. "Kuna kazi ya darasani, muhula kwa muhula. Kuna mazoezi ya kufundisha, ambapo mkaguzi atakuja kuketi nyuma ya darasa lako. Na kuna mtihani wa mwisho. Mafungu hayo tutayajumlisha, na ile jumla ndiyo itakayosema kama wewe ni mwalimu."

Tuliandika, lakini hatukuamini. Sisi tulitoka shule za msingi ambako miaka yote ya kukaa darasani ilipimwa kwa mtihani mmoja. Ukiamka na homa siku hiyo, basi, unarudi kuchunga ng'ombe. Kwa hiyo tulidhani mkuu anatutia bidii tu, kama wakubwa wote wanavyofanya.

Mwisho wa kila muhula majina yalisomwa hadharani, kuanzia aliyeshika nambari ya kwanza hadi wa mkia. Jina la Kerubo lilisomwa katikati, wakati watu wameshachoka kusikiliza na wanaanza kunong'ona. Hakupanda juu, hakushuka. Na bado kila jioni ungemkuta akipanga somo la kesho, akikata picha kwenye magazeti ya zamani, akichemsha uji wa kuzibandikia kwenye karatasi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na zoezi dogo ambalo hata mwalimu atalipitia haraka haraka.

"Baba aliniambia nikirudi bila cheti nitaolewa mwaka huohuo," akasema. "Sasa mimi sijui ni kazi gani itakayonibeba. Afadhali nifanye zote."

Mwaka wa pili tulipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kerubo na mimi tuliangukia shule moja ndogo juu ya kilima, si mbali na Birongo. Kuta zilikuwa za udongo, paa la mabati, na darasa la kwanza lilijaa watoto hadi wengine wakakalia magogo. Tulipangiwa kila mmoja wetu aketi nyuma mwenzake anapofundisha. Ndiyo maana nililiona jambo hili kwa macho yangu mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu.

Mkaguzi alifika siku ya Kerubo, saa za mchana, wingu likiwa limeshuka hadi kwenye migomba. Alikuwa mzee mnene mwenye tai, amechoshwa na barabara ya matope, na alikaa kando yangu, kalamu mkononi. Kerubo alisimama mbele na mkebe wake wa punje za mahindi. Somo lilikuwa hesabu ya kutoa. Alikuwa hajamaliza hata kusalimu watoto vizuri mvua ya mawe ilipoanza.

Wewe umezaliwa huku, unaijua mvua yetu ya mawe. Lakini hujawahi kuwa chini ya mabati yasiyo na dari, na watoto wadogo ambao mama zao wako mbali shambani. Kelele ile ilifuta sauti zote. Niliona mdomo wa Kerubo ukisema kitu nami nisisikie chochote. Watoto wakaanza kulia, na kilio chenyewe hakikusikika. Ulikuwa unaona machozi tu. Wengine walijiingiza chini ya madawati. Mkaguzi alifunika kalamu yake. Nikajua kipindi cha Kerubo kimekwisha kabla hakijaanza, na kwamba hakuna siku nyingine atakayopewa.

Kerubo aliweka mkebe wake chini. Alikwenda mlangoni, akaufungua wazi kabisa, na ile barafu ikaanza kuruka na kubingirika ndani sakafuni. Akachuchumaa akaokota. Akaenda kwa mtoto mmoja aliyekuwa akilia kuliko wote, akamfungua kiganja na kumwekea mawe yale moja baada ya jingine, akihesabu kwa vidole vyake vilivyoinuliwa juu ili darasa zima lione. Mtoto akanyamaza, maana baridi ilimshangaza. Kerubo akachukua jiwe moja kutoka kwenye kile kiganja, akalitia mdomoni mwake mwenyewe, akalitafuna. Kisha akawatazama watoto wote, akauinua mkono, akasubiri.

Vidole vikaanza kuinuka. Hapa na pale kwanza, halafu darasa zima. Vilikuwa sawa na mawe yaliyobaki kiganjani.

Mwanangu, nimefundisha maisha yangu yote na sijaona tena kitu kama kile. Mle ndani hamkusikika neno, na kila mtoto alikuwa anasoma. Walitoka chini ya madawati, wakakimbilia mlangoni kuokota, wakapeana, wakanyang'anyana, wakala. Hesabu ya kutoa ilikuwa midomoni mwao. Mawe mengine yaliyeyuka viganjani, na Kerubo akawaonyesha kwamba hiyo pia ni kutoa. Niliogopa hata kusogeza mguu, kama mtu aliyeingia kanisani watu wakiwa katika sala. Nilimwangalia mkaguzi. Alikuwa ameweka karatasi zake sakafuni, kwenye maji, na vidole vyake vimeinuka pamoja na vya watoto.

Mvua ilikatika ghafla, kama kawaida yake. Katika ukimya ule mtoto mmoja akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti kubwa kwa sababu hakujua kelele zimeisha, "Kwangu yamebaki mawili."

Mkaguzi akasimama polepole. "Haya uliyapanga, mwalimu?"

"Hapana, bwana," Kerubo akajibu. "Nilipanga kutumia mahindi."

Mkaguzi alimpa mkono, akaokota karatasi zake zilizolowa, akaenda kwenye gari.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo njia ilinyooka. Haikunyooka. Wiki ya mtihani wa mwisho Kerubo alishikwa na malaria. Karatasi za kwanza aliziandika akitetemeka, shuka mabegani. Kisha asubuhi moja hakuweza kuinuka. Tulimbeba hadi kwenye gari la chuo, akapelekwa hospitali mjini Kisii, nasi tukaingia ukumbini kuandika. Kiti chake kilikuwa mbele yangu. Karatasi ziligawanywa, na mezani pake hapakuwekwa kitu. Na siku iliyofuata vilevile.

Matokeo yalipokuwa tayari tuliitwa chuoni. Kerubo alikuja na baba yake, amekonda, kitambaa kichwani. Yule mzee alikuja akijua amekuja kuchukua sanduku la bintiye. Alikuwa amelishika tayari. Jina la Kerubo liliposomwa miongoni mwa waliofaulu, watu waligeuka kumtazama. Kila mtu alijua hakumaliza mtihani.

Baba yake alitembea hadi mbele, sanduku mkononi, kofia kichwani. Alizungumza bila hasira.

"Mwalimu, mtoto wangu alikuwa hospitalini. Kama mmemhurumia, niambie. Sitaki aende kufundisha watoto wa watu kwa huruma."

Mwalimu Onchari alichukua chaki. "Hakuna huruma hapa, mzee. Njoo uone."

Akaandika ubaoni. Karatasi ambazo hazikuandikwa aliziwekea sufuri, hakuficha. Fungu la mtihani wa mwisho lilikuwa dogo, la kusikitisha. Akaandika juu yake fungu la kazi ya darasani, muhula baada ya muhula, zile alama za katikati ambazo hatukuwa tukisikiliza zikisomwa. Halafu akaandika alama za mazoezi ya kufundisha, na ukumbi mzima ukavuta pumzi, kwa maana hakuna kati yetu aliyekuwa ameona alama kama ile. Akapiga mstari. Akajumlisha taratibu, akitamka kila tarakimu. Jumla haikuwa kubwa. Ilivuka kiwango cha kufaulu kwa kiasi kidogo tu.

Mzee yule hakujua kusoma herufi, lakini tarakimu alizijua kutokana na kupima majani ya chai. Aliusogelea ubao, akaweka kidole kwenye alama za mazoezi ya kufundisha.

"Hii kubwa ni ya nini?"

"Ni ya siku aliyofundisha kwenye mvua ya mawe."

"Nayo imehesabiwa?"

"Kila siku aliyofanya kazi hapa imehesabiwa, mzee."

Yule baba akaweka sanduku chini. Akavua kofia. Hakuelekea kwa mkuu wa chuo. Alimgeukia binti yake, akasimama mbele yake kichwa wazi kama anavyosimama mtu mbele ya anayemzidi umri. Kerubo akaanza kulia. Nasi pia.

Alifundisha hadi alipostaafu. Wako wazee wazima leo huko kwao waliojifunza kuhesabu mbele yake.

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi kuuhofia mtihani wa mwisho. Una uzito wake, ujiandae. Ninachokuomba ni kwamba usiidharau kazi ya Jumanne ya kawaida, jaribio dogo, zoezi ambalo mwalimu hatalitaja tena. Huijui ile asubuhi utakayoamka umeshindwa kusimama. Unachojua ni leo, na leo una nguvu. Ifanye kazi ya leo kana kwamba ndiyo itakayokubeba, maana huenda ndiyo.

Mungu akupe afya kwenye kila karatasi utakayoandika. Na ikiwa siku moja mwili utakataa, basi akupe kukuta kwamba ulikuwa umeshafanya ya kutosha. Nenda salama, na mikono yako ibarikiwe.