Uso wa Nabra

Asubuhi ile Nabra alikunywa chai ya maziwa amesimama, akilowesha kipande cha mkate mkavu na kumsema tajiri wake.

"Leo Wagdi ana harusi kubwa ya kupiga picha. Atawapaka unga wote."

"Si ndiyo kazi yako kuwaosha?" Samil, mumewe, akamwuliza.

"Nimechoka kumfulia mwanamume asiye mume wangu."

Akajitanda mtandio, akatoka. Jioni alirudishwa amebebwa. Moyo ulikuwa umesimama.

Studio ya picha ya Wagdi iko sokoni Aswani, Misri. Nabra aliitumikia tangu enzi za filamu, na kompyuta zilipokuja akajifunza nazo. Programu ya picha huja na mipangilio yake: mmoja wa rangi, mwingine wa kunyoosha kile lenzi ilichopinda. Wagdi alikuwa akibonyeza wowote uliotangulia, kisha huyo, kwenda kuvuta shisha. Wanubi, wenyeji weusi wa huko, wakatoka rangi ya majivu. Mpangilio wa lenzi alichagua usio wa kamera yake, mashangazi waliosimama pembeni wakavimba mashavu. Nabra ndiye aliyeketi akatengeneza mpangilio wake wa rangi, akiwasimamisha mabibi harusi kando ya kioo cha kompyuta awalinganishe na picha zao. Samil hakusoma, lakini hayo yote aliyajua. Aliyasikia kila mlo.

Siku ya tatu ya matanga Wagdi akaja na picha kubwa ya marehemu, fremu ya dhahabu, utepe mweusi kwenye kona. Akaiinua watu waione.

Samil akaitazama. "Nani huyu?"

"Ndiye Mama Nabra, ami. Nilimpiga picha mwenyewe mwaka jana."

"Mke wangu hakuwa maiti mwaka jana."

Mtu akacheka chini kwa chini.

"Nimemng'arisha kidogo tu, ami. Watu wanapenda."

"Na sikio hili? Nani kamvuta?"

"Hiyo lenzi, ami..."

"Nenda ukaitoe upya kwa mpangilio wake aliouacha."

Wagdi akajikuna shingo. "Nimeufuta. Nilidhani hakuna wa kuutumia tena."

Siku tatu tu; shuka za Nabra zilikuwa bado hazijafuliwa.

"Baba, tuipokee tu," binti yake akanong'ona. "Wajukuu watamjuaje?"

"Kwa kusimuliwa. Wakiiona hii watamjua mtu mwingine."

Akamrudishia Wagdi fremu yake na utepe wake. Ukuta ukabaki mtupu. Wagdi alipoinama kuvaa viatu, Samil akamkumbusha alichoambiwa na Nabra siku moja mbele ya wateja, neno kwa neno:

"Mashine haijawahi kumwona Mnubi, naisamehe. Wewe umezaliwa katikati yetu na una macho mawili. Unayafanyia nini?"